Betri Zimejaa, Safari Bado

Mdogo wangu kitindamimba,

Huku tunasukuma siku. Lile gari-nyumba tulilonunua tutembee nalo tukistaafu halijatoka hata getini. Kila asubuhi napanda ngazi kufuta vumbi kwenye paneli za sola juu ya paa lake, majirani wacheke watakavyo. Fundi alisema zikichafuka betri hazijai. Basi zimejaa: feni inazunguka, redio inaimba, na shemeji yako anashinda kwenye usukani akiniuliza kama tumekaribia. "Bado kidogo," namjibu. Daktari amesema kumbukumbu zake hazirudi tena.

Jana alinitazama kwa adabu, akauliza, "Mama, mume wako yuko wapi?"

Nikamwambia yuko njiani.

Ni mimi dada yako,
abiria.