Programu Tano za Mama

Chang'ombe,
Dodoma.
4 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Raphael,

Mbukwa! Hujambo huko Leipzig? Masomo yanakwendaje, na kile kifua kilichokusumbua Krismasi kimepona? Sisi wazima. Nyumbani Haneti mvua imekuja kwa wakati, mtama umefika magotini, na Baba ameanza kutembea bila fimbo.

Najua umeshtuka hapo kwenye fimbo. Tulikuficha usije ukakosa mitihani. Mwanzoni mwa Januari Baba aliumwa na nyoka shambani. Walikuwa wawili tu, yeye na Mama. Mama akatoa ile simu uliyomwachia ulipokuja likizo ili anipigie. Akagusa hapa, ukafunguka mchezo wa magari na muziki wake. Akagusa pale, likaja tangazo la viatu. Baba analia kwa maumivu, simu inaimba. Mwishowe aliitupa chini akakimbilia kwa jirani yetu Eliakimu, ambaye alimpakia Baba kwenye pikipiki hadi kituo cha afya. Alilazwa siku nne. Mungu ni mwema, na Eliakimu naye.

Tangu siku hiyo Mama aliizima simu, akaiviringisha kwenye kanga na kuifungia sandukuni. Uliniandikia ukidhani amekununia. Hapana, mdogo wangu. Alikuwa anaona aibu. Alijiona nusura amuue mumewe kwa kutojua simu.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Nilikuta programu sitini na tatu! Raphael, ya kuhesabu hatua ni ya nini kwa mtu anayechota maji na kulima? Sikulaumu, uliziweka kwa mapenzi. Ila kabla sijafuta hata moja nilimwuliza, "Mama, unataka simu hii ikufanyie nini?"

Aliwaza kidogo. "Nipige. Nimwone Raphael usoni. Nisikilize neno la Mungu. Na tochi."

Basi hizo ndizo zilizokaa ukurasa wa mbele, alama kubwa kubwa. Kwa kuwa kusoma kunamchosha macho, kwenye namba za watu niliweka picha: yangu, yako, ya Eliakimu na ya nesi wa kituo. Zilizokataa kufutika nilizisukumia ukurasa wa nyuma. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya zizi, nikamwambia anipigie. Alipiga mara ishirini, mpaka akaanza kucheka.

Moja tu tulibishana, ya hali ya hewa, maana inaonyesha Leipzig. Nilitaka kuibadilisha isome Haneti. Akaishika simu yake. "Iache. Mvua ya hapa naiona kwa macho. Baridi inayompiga mwanangu nitaijuaje?" Nikaiacha, zikawa tano.

Jumapili iliyopita natoka kanisani, simu ikaita. Mama. Nikapokea haraka, nikauliza kuna nini.

"Hakuna kitu. Nimepiga mwenyewe, hakuna aliyenielekeza."

Nilisimama pale barabarani machozi yananitoka, watu wananitazama.

Jumamosi saa kumi jioni za huku atakupigia wewe. Tafadhali usimtangulie kupiga, hata akichelewa. Mwache aitafute picha yako.

Baba anakusalimu, pia shemeji yako Lameck na shangazi Devota. Mungu akufunike huko ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Anjelina