Mama Ameniuliza Ukoo Wangu

Verna, rafiki yangu, sikia hili. Tumesimamisha gari ukingoni mwa korongo la Chinle, wanangu wako nje wanapiga picha.

Mama amenigeukia humu garini, kwa adabu kabisa: "Binti, wewe ni wa ukoo gani?"

Mama yangu mzazi, Verna. Ananiuliza mimi ukoo.

Nikajibu kama alivyonifundisha mwenyewe: "Ukoo wa Maji Machungu, kwa mama."

Akacheka, akanishika mkono. "Kumbe ni wa kwetu! Basi nitakuita mwanangu."

Tangu kumbukumbu zianze kumpotea, nimemwomba Mungu muda mrefu aniite hivyo tena. Ameniita, na hanijui.

Halafu akasema, "Ninaye binti wa umri wako. Ukimwona, mwambie aje anichukue, nimechoka kukaa na wageni."

Nikamwambia, "Nitamwambia, mama."