Miche ya Mnyaa kutoka Ilagala

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mvua ya taratibu isiyo na radi, na ziwa limepotea. Siku nyingine, nikikaa hapa kibarazani kwetu Ujiji, naona maji mpaka milima ya Kongo. Leo sijui ukungu unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Siku za namna hii mwili wangu unakuwa hapa, akili inaelea.

Mama amejilaza. Naandika sasa hivi kwa sababu leo nimeambiwa jambo ambalo bado sijui niliweke wapi.

Nianze na miche.

Chini ya upenu, juu ya matofali, nina makopo ya siagi niliyoyatoboa vitako, na ndani yake imeota miche ya mnyaa. Si ule mnyaa wa uzio wenye vijiti vyembamba, ambao kila mtu anao. Huu ni ule mkubwa, wa shina nene na matawi ya pembepembe yenye miiba, yanayosimama wima kwa pamoja kama watu walioitwa majina.

Mti ulioizaa ulikuwa Ilagala, nyuma ya nyumba niliyozaliwa. Ziwa lilipopanda lilichukua migomba kwanza, kisha jiko, kisha nyumba yenyewe. Mnyaa ukabaki peke yake ndani ya maji. Nilipokwenda kumchukua Mama nilimkuta ameketi mteremkoni, mizigo pembeni, anautazama. Nikamwambia, "Mama, twende." Akasema, "Ngoja kidogo." Hiyo kidogo yake ilimfanya dereva wa bodaboda azime pikipiki na kujilaza kwenye majani.

Hapa kwangu aliishi kama mgeni. Alikula kwa adabu, akashukuru kwa kila kitu, na kila asubuhi aliuliza, "Maji yameshuka?" kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Kitu alichoomba kilikuwa kimoja tu: tawi la ule mnyaa. Mjomba Filipo, mdogo wake, ambaye shamba lake liko juu kule kule Ilagala, akalikata na kulituma. Tuliliacha mpaka kidonda chake cha kukatwa kikauke, tukalichomeka. Likaoza kutoka ndani. Akatuma jingine, nalo likaoza. Mti ulikuwa umekunywa maji kupita kiasi.

Nilidhani Mama anaukumbuka uwanja wake tu. Mtu aliyepoteza nyumba nzima, nilijiambia, atashika chochote.

Ndipo nikafikiria mbegu. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni, na mchana ukipoa nasoma vitu kwenye simu. Nikasoma kwamba tunda la mnyaa likikauka hupasuka, tap! na kurusha mbegu zake mbali. Nikauona ule mti kichwani mwangu, jua la kiangazi, matunda yanapasuka moja moja, na chini yake hakuna udongo. Mbegu zote zinakwenda na maji. Sikupata usingizi vizuri. Nilipopata, niliota mnyaa unatembea ziwani, maji yakiufika kiunoni, umejifunika khanga.

Nikampigia Mjomba. Nikamwomba aende na mtumbwi, ayafunge matunda kwa vipande vya chandarua kabla hayajapasuka. Alicheka.

"Skola, sasa unataka nikavue mbegu?"

Lakini alikwenda. Zilifika zimefungwa kwenye kitambaa, nyingi kuliko nilivyotarajia, duara, za kijivu, kama pilipili manga. Mama alizitazama, akatikisa kichwa.

"Huo hauoteshwi kwa mbegu. Unakatwa, unachomekwa. Tangu lini?"

Nilichukua mchanga wa ufukweni, nikachanganya na mboji kidogo, nikazibonyeza mbegu na kuzifunika kwa mchanga mwembamba, kisha nailoni juu. Zile za kwanza nilizimwagia maji kwa mapenzi, asubuhi na jioni. Zikaota ukungu mweupe.

Nililia juu ya kopo la siagi. Mtu mzima.

Nadhani Mama alinisikia, maana siku iliyofuata nilipokuwa napanda zilizobaki alitoka nje, akaninyang'anya kikombe. "Unaumwagia kama mchicha!" Akachovya vidole, akanyunyiza mara moja kama padri, akarudi ndani. Tangu siku ile kazi ikawa yake. Nikitoka kazini namkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya makopo, mikono mapajani, hafanyi lolote. Wakati mwingine niliketi naye. Tulitazama mchanga tu. Sijui kama nimewahi kuwa na jioni tamu kama zile.

Siku moja, nikiwa kazini, simu yangu ikaita. Mama hapigi simu. Ile niliyomnunulia alipokuja alikuwa hajaishika. Mgeni alikuwa mbele yangu anasubiri ufunguo.

"Kimetoka," akasema.

"Nini, Mama?"

"Kimetoka! Kimevaa kofia."

Kweli, nilipofika nilikiona: kikonyo cha kijani kilichopinda shingo, ganda la mbegu bado liko kichwani. Wenzake wakafuata. Leo kila kimoja kina majani mawili manene na kishina chenye pembe tatu, na miiba laini ambayo bado haijajua kuchoma.

Kuchoma kwao ni kwa maziwa, ule utomvu wao mweupe. Wiki iliyopita nilikivunja kimoja nikikihamisha, nikasahau, nikajifuta jicho. Mama alikibeba kichwa changu mapajani na kunimiminia maji, birika baada ya birika, huku akifoka kwa Kiha kama vile nina miaka minne. "Usifumbe! Nitazame mimi!" Jicho limepona. Sauti yake bado inanilea.

Sasa leo.

Tulikuwa tumetoka kanisani, Mjomba Filipo akaingia amelowa, na dumu la mawese na dagaa kwenye mfuko. Nikamwamkia, nikamletea chai. Hakuinywa.

"Dada," akamwambia Mama, "ule mnyaa umeanguka."

Mama hakushtuka. "Lini?"

"Juzi, na upepo. Maji yameshuka sana, mtu anafika pale kwa miguu sasa. Nimekwenda kuangalia."

"Umeng'oka?"

"Haukung'oka. Shina lilikuwa limeoza, limekatika juu ya udongo. Mizizi iko kama ilivyokuwa."

"Umelalia upande gani?"

"Ziwani."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Basi hajasumbuliwa."

Nikauliza, "Nani?"

Mjomba akaanza kuichunguza kofia yake, mshono kwa mshono. Mama akanitazama.

"Dada yako."

Alieleza taratibu, Kiswahili kikichanganyika na Kiha pale maneno yalipomwelemea. Kulikuwa na mtoto kabla yangu, wa kike. Alishikwa na homa angali mchanga, kipindi cha mvua, ziwa likiwa limechafuka, hakuna mtumbwi uliothubutu kutoka kumpeleka hospitali. Baba alimzika nyuma ya nyumba. Akakata tawi la mnyaa, akalichomeka upande wa kichwani ili jembe la mtu lisije likampitia. Tawi likashika.

"Baba yako akanikataza kukwambia," Mama akasema. "Alisema mtoto anayefuata asibebeshwe kifo cha mwenzake. Nikanyamaza. Naye alipokufa, nyumba ilikuwa imeshauzoea huo ukimya."

"Aliitwa nani?"

"Nyamwiza."

Hakulitafuta jina. Lilitoka kama jina la mtu aliyetumwa dukani sasa hivi. Nadhani amelitamka kila siku ya maisha yangu, bila sauti.

Sitajidanganya hapa: nilikasirika. Mama alisota mteremkoni akilitazama kaburi la mwanawe likiwa chini ya maji, nami nikamharakisha kwa sababu ya bodaboda. Angeniambia. Lakini hasira haikukaa. Nilikumbuka shangazi zangu walivyokuwa wakiniita kifungua mimba kwenye sherehe, na Mama, kila mara, akiinuka kwenda kuongeza kuni.

Niliteremka kwenye kiti, nikaketi chini, nikaegemea magoti yake. Mjomba akainywa chai iliyopoa, yote kwa mkupuo, akatoka kwenda kuitazama miche. Tulimsikia huko nje akiisemesha.

Baadaye Mama akasema atakwenda Ilagala Jumatano. Nilijua siku hii itafika, ya yeye kurejea kwake. Akaliona hilo usoni mwangu.

"Siendi kukaa. Nataka nikapaone. Hii midogo haiwezi kusafiri bado."

Mjomba akasema mlangoni kwamba mwakani, ikishakomaa, ataubeba mmoja mwenyewe, ataupakata kama mayai. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza, polepole, kama anayeomba kitu kikubwa, "Utanisindikiza?"

Nimesema ndiyo. Kesho nitamwomba bosi ruhusa, na akikataa nitakwenda hivyo hivyo.

Mvua imepungua. Milima ya Kongo haijaonekana, lakini ukungu umesogea na naweza kuona mitumbwi ya karibu. Nimeishi miaka arobaini na kitu nikijijua mkubwa, mtoto wa kwanza, wa kuamkiwa. Jumatano nitasimama mbele ya mtu aliyenitangulia duniani na ambaye hakujifunza hata kukaa. Niseme shikamoo, dada? Au nipige magoti nimbembeleze?