Wageni Wasioshika Jembe

Baba yangu,

Shikamoo. Salamu nyingine zitafuata, maana kwanza nina jambo la kukuuliza.

Unalikumbuka lile bakuli la maji ulilowawekea ndege chini ya mchungwa, nyuma ya jiko. "Kiumbe akinywa, ni sadaka," ulituambia, nasi watoto tukagombania kulijaza. Tangu utangulie mbele ya haki nimerudi Msambweni kukaa na Mama, na bakuli nalijaza kwa niaba yako. Nilidhani hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo.

Basi masika yalipokatika niliingia kwenye mihogo ya Mama, hapo kando ya mchungwa, nikapigwa na butwaa. Miche ya mwarobaini imetapakaa, mihogo imesongwa, utadhani mtu kaipanda makusudi! Nasi hatuna mwarobaini; uliopo ni ule wa msikitini. Dawa ya maradhi arobaini, Baba, imekuwa maradhi ya arobaini na moja. Nilishaanza kumtazama jirani kwa jicho la pembeni, Mungu anisamehe.

Jana nikamwona mhalifu mwenyewe. Shore, yule ndege mdogo mwenye kichwa cheusi, alikunywa maji yako, akarukia tawini, akatema kitu. Nikakiokota. Kokwa ya mwarobaini! Kumbe ni sadaka yako inayotuletea magugu! Nikayamwaga maji yote, bakuli nikalifudikiza.

Mama alipoona alishika kiuno. "Umemwaga sadaka ya babako?"

"Mama, ndege wake watatumaliza!"

"Babako alijua."

Alijua? Nilikaa chini palepale mchangani.

"Kila akitoka msikitini alfajiri alikuwa aking'oa, mche mmoja mmoja, nyinyi mmelala. Nami nikimtania: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akicheka. 'Wageni wangu hawashiki jembe,' akisema, 'nitalishika mimi.'"

Miaka yote ile, Baba! Mgongo wako tukiukanda kwa mafuta ya nazi, tukasema ni uzee tu. Nimeshtuka mpaka sasa sijatulia, na nimekulilia upya kana kwamba umefariki jana.

Maji nimeyarudisha. Leo alfajiri nimeng'oa peke yangu, nikafika nusu ya mihogo, kiuno kikakataa.

Mbona hukuniamsha, Baba?

Akuombeaye kila swala,
Binti yako