Breki za pikapu kwa voiture ya Kayitare

Yasmina, kitendawili: mutu gani anahukumiwa na bibi yake miaka yote hii bila kosa? Ni bwana yangu Kayitare.

Gad, yule fundi wa magari wa pale Mahoko, ametoka hapa sasa hivi. Analia!

"Mama, muzee hakulewa siku ile ya ajali ya 1998. Nilifunga breki kubwa za pikapu kwa voiture yake, gari ndogo, nikaacha pompe ndogo ya zamani, haikutosha kusukuma mafuta ya breki. Kwenye mteremko pedali ikazama."

Ikazama, Yasmina!

Na asubuhi ile Kayitare aliniambia pedali inaenda chini sana. Nikamucheka: "Ni pombe ya jana inakudanganya muguu."

Siku ya kumaliza kilio nilisema mbele ya watoto: pombe imemuua. Mi nilisema!

Nimepigia binti yetu Uwase.

"Maman, iko nini?"

Nikakata simu bila kumuambia.