Nimezima Seva kwa Meseji, Kasimamishwa Ansbert

Bi Alya, shikamoo. Nishauri kabla ya Ijumaa, maana mie ni mtu mwema na jambo lenyewe limenikuta tu.

Mie ni fundi wa kompyuta kwenye kiwanda cha sabuni Chang'ombe, nakaa Chamazi, na kiwandani wamefunga njia zote za kuingia kwenye kompyuta zao ukiwa nje, ila meseji hawakuzifunga kwa kuwa meneja mwenyewe haishi kuchati, basi nikaandika kiprogramu, nikakiweka kwenye kompyuta ya mwenzangu Ansbert kwa sababu yake haizimwagi, nikawa natuma meseji kutoka nyumbani, kompyuta inatekeleza kama vile nimekaa mbele yake, kisha inanijibu humohumo kwenye chati, na kwa miezi saba nimekuwa nikitoroka saa saba mchana huku nikisifiwa kwa bidii. Sasa Alhamisi iliyopita niko kwenye harusi ya binamu yangu Najat, mkono mmoja una pilau, nikataka kuwasha upya printa ya lebo, nikakosea nikazima seva kuu, ile kompyuta inayoendesha mitambo yote, kiwanda kikasimama mpaka kesho yake, na rekodi zikaonyesha amri imetoka kwenye kompyuta ya Ansbert, naye alikuwa amekaa palepale. Meneja akamuuliza, "Nani mwingine anaigusa kompyuta yako?" Akajibu, "Hakuna, bosi." Mkweli kupita kiasi, ndiyo ishu yake. Kasimamishwa kazi, na uchunguzi nimepewa mimi, ripoti niisome kwenye kikao cha Ijumaa. Jana mkewe, Clara, kanipigia: "Shemeji, afadhali ni wewe unayechunguza." Tangu hapo simu zake sipokei.

Nifanyeje Ansbert arudi kazini bila mie kutajwa? Jina langu tafadhali lifiche.

Fundi, Chamazi

JIBU

Marahaba, mtu mwema.

Limekukuta? Miezi saba limekuwa likikukuta kila saa saba mchana! Umeweza kupenya ulinzi wa kiwanda kizima kwa meseji, lakini kusema "ni mimi" ndiyo teknolojia imegoma.

Najua unaogopa. Kazi Dar haziokotwi, na mie ningetetemeka. Ila tetemeka ukiwa njiani kwenda kwa meneja.

Usifute hata meseji moja. Leo hii nenda nyumbani kwa Ansbert, kwa miguu yako, si kwa simu, umezoea mno kufanya mambo ukiwa mbali. Mwambie yeye na Clara wakiwa wamekaa pamoja, na wakikutukana, pokea. Kisha mpelekee meneja simu yako, mwonyeshe chati, toa hicho kiprogramu mbele ya macho yake. Ripoti ya uchunguzi iandike kwa sentensi moja, mhusika unamfahamu. Wakikufukuza, utatafuta kazi nyingine. Ansbert akifukuzwa, utamtazamaje Clara?

Kuhusu jina lako, nimelificha kama ulivyoomba. La Ansbert na la Clara hukuniomba niyafiche, nimeyaacha yalivyo. Kikao chenu ni Ijumaa, na gazeti hili linatoka Jumatano.

Bi Alya