Salamu za Njiani Dar es Salaam

Mdogo wangu Mkami, uliyebaki Mgeta na kuku wangu,

Nimefika mzima, ila makalio yanauma. Karani anayeniandikia anacheka, mwache. Mume wa mjukuu wetu alinipokea stesheni na pikipiki ya bwana wake Mdachi, maana mjukuu mwenyewe alikuwa ameshikwa na uchungu. Njia imejaa punda, mikokoteni na wapagazi. Kwetu hupishani na mtu bila kumjulia hali, basi kila tuliyempita nikamfinya mkwe asimame nisalimie.

“Bibi, mtoto atazaliwa hatujafika!”

“Basi atasubiri watu wenye adabu.”

Karibu na soko mikokoteni ikaziba njia kabisa. Mkwe akapiga honi, wakamtukana. Nikashuka, nikawasalimu mmoja mmoja, nikauliza na mama zao, ndipo nikasema mjukuu wangu anajifungua. Wakanyanyua mkokoteni mzima wa nazi, tukapita.

Kitovu nimekikata kwa mkono wangu. Ni msichana, ukoo wetu umeongezeka! Tumempa jina lako. Kwa hiyo kula, acha kununa kwa kuwa nilikuacha, na usithubutu kufa kabla sijakuletea umbebe.

Dada yako anayekupenda hata ukikasirika